Laminesheni Si Dawa ya Karatasi

"Mwalimu, niweke plastiki ya mikroni 80 au ya 125?" Jibu ni lilelile nililolitoa mwezi uliopita na mwaka juzi: sifuri. Safari hii aliyeuliza ni mchoraji wa vitabu vya watoto aliyechoka na kompyuta. Siku hizi anakata karatasi za rangi na kuzipanga tabaka juu ya tabaka, anabandika vipande vya gazeti na risiti, kisha anamalizia kwa pasteli za mafuta. Kazi zake zinavutia, na wapo wengi wanaojaribu mambo ya namna hiyo, wengine wakiviringa vipande vyembamba vya karatasi mpaka vikawa maua, wengine wakitengeneza karatasi zao wenyewe kwa migomba na magugu maji. Nafurahi sana. Kinachonichosha ni kuona kila jaribio jipya linaishia palepale: duka la steshenari, mbele ya mashine inayovalisha plastiki vyeti vya kuzaliwa.

Imani hii najua ilikotoka. Cheti kilichopigwa laminesheni hakiharibiki chai ikimwagika, hakichaniki, na mende hawakigusi. Mtu anaona hayo, anahitimisha kwamba plastiki inahifadhi. Inachofanya plastiki ni kuikinga karatasi na mikono yetu, basi. Adui mkubwa wa karatasi yumo ndani ya karatasi yenyewe, na laminesheni inamfungia humohumo na windo lake.

Chukua kile kipande cha gazeti. Gazeti ni mbao zilizosagwa, ufundi tulioachiwa na Friedrich Gottlob Keller wa Ujerumani tangu miaka ya 1840, na kwenye mbao kuna lignini, ambayo ikipigwa na mwanga inageuka njano, kisha kahawia. Karatasi nyingine za bei rahisi, kwa zaidi ya karne nzima, zilitiwa shabu na ulimbo wa msonobari ili wino usitawanyike. Huo ulikuwa ujanja wa Moritz Illig wa mwaka 1807. Shabu ikipata unyevu inazaa asidi, na asidi inakatakata nyuzi mpaka karatasi inavunjika ukiikunja. Asidi hiyo hailali kwa sababu umeifunika. Inaendelea na kazi, tena inahamia kwenye karatasi jirani, pamoja na ile nzuri ya pamba uliyoinunua kwa bei ya kuumiza. Na mwanga? Plastiki ni angavu, ndiyo maana unaiona picha. Jua nalo linaiona.

Sasa tuingie ndani ya mashine, maana watu wanaizungumzia kana kwamba ni bahasha tu. Ule mfuko una ngozi mbili za poliesta, na upande wa ndani wa kila ngozi kuna gundi iliyolala kavu. Rola zinaupasha joto la nyuzi 100 na zaidi, gundi inayeyuka, kisha rola hizohizo zinaikandamiza mpaka inazama kwenye nyuzi za karatasi. Ikipoa, gundi na karatasi vimekuwa kitu kimoja. Kwa kazi ya tabaka, rola zinafanya unyama wa ziada: maua yaliyosimama yanalala, na pembezoni mwa kila kipande, pale unene unapobadilika, plastiki inashindwa kushuka hadi chini, inaacha mstari wa hewa unaong'aa kama fedha. Pasteli ya mafuta inalainika na kusambaa. Wino wa zile kalamu zinazofutika kwa kusugua unapotea kabisa, kwa sababu umetengenezwa upotee kwenye joto la nyuzi kama 60. Na zile risiti za mashine ambazo wasanii wa kolaji wanazipenda siku hizi? Hiyo ni karatasi ya joto; maandishi yake hayakuchapwa kwa wino, yamechomwa. Ipitishe kwenye rola, itatoka nyeusi tii. Nimeletewa kazi ya hivyo, barabara ya mjini iliyojengwa kwa risiti tupu, ikiwa imegeuka usiku wa manane. Mwenyewe akaniuliza kama kuna dawa ya kuzirudisha. Hakuna.

Wakazi wa pwani mna tatizo jingine juu ya hilo. Karatasi hunyonya unyevu wa hewa na kuutoa, na Dar es Salaam, Zanzibar na Mombasa unyevu huo ni mkubwa sehemu kubwa ya mwaka, hasa masika. Unapoifunga karatasi iliyokwisha kunywa hewa hiyo, umefanya kama aliyefunga wali wa moto kwenye mfuko wa nailoni. Fundi naye, ili mfuko mmoja utoshe kazi mbili, anakata plastiki karibu kabisa na karatasi, kwa hiyo kingo hazijafungwa sawasawa. Unyevu unaingia polepole, hautoki, na madoa ya ukungu yanaanzia pembeni kwenda katikati. Wewe uko nje unayatazama, na huwezi hata kuyapangusa.

Wapo wanaoniambia nimezoea mambo ya kizamani, eti teknolojia imesonga mbele. Teknolojia hii ilishajaribiwa na watu makini kuliko fundi wa pale kona. Miaka ya 1930 huko Virginia, Marekani, William Barrow alianza kuvalisha nyaraka za kale filamu ya selulosi asiteti kwa joto na mgandamizo, na hifadhi nyingi za nyaraka zikafuata njia hiyo. Baadaye yeye mwenyewe akaona plastiki peke yake haitoshi, akawa anaziosha nyaraka kwanza kuondoa asidi. Hata hivyo filamu zile zilipozeeka zikaanza kutoa asidi ya siki. Wahifadhi waliokuja nyuma yake wakabaki na kazi ya kuloweka karatasi hizo kwenye asetoni, moja baada ya nyingine, kuitoa plastiki aliyoiweka. Hiyo ni filamu ambayo angalau asetoni inaiyeyusha. Poliesta ya mashine ya mtaani asetoni haiigusi.

Tazama kilichodumu. Misahafu iliyoandikwa Siyu, kisiwani Pate, katika karne ya 18 na ya 19, kwa wino mweusi, mwekundu na wa njano, imo kwenye karatasi za matambara zilizoletwa kutoka ng'ambo, na mingine inasomeka mpaka leo hapa hapa kwenye joto na chumvi ya bahari. Mary Delany, Mwingereza, alianza kukata na kubandika maua ya karatasi akiwa na umri wa miaka 70 na ushee, mwanzoni mwa miaka ya 1770. Kazi zake karibu elfu moja ziko British Museum, na wekundu wa petali bado ni wekundu. Hakuna aliyezipitisha kwenye rola.

Mfano ninaoupenda zaidi ni wa Henri Matisse. Mwaka 1952, akiwa Nice, Ufaransa, alikata maumbo ya buluu ya waogeleaji kutoka karatasi zilizopakwa rangi ya guashi, akaagiza yapigwe pini kuzunguka ukuta wa chumba chake cha kulia chakula. Baada ya kufa kwake yakabandikwa kwenye kitambaa cha gunia. Kazi ilipokuwa makumbusho ya MoMA, New York, gunia likazeeka, likageuka kahawia lenye asidi, na buluu ikafifia machoni. Wahifadhi waliyabandua maumbo yale kwa mkono, kidogo kidogo, wakayapiga pini kwenye gunia jipya, na kazi ikarudi ukumbini mwaka 2014. Waliweza kwa sababu mbili: kilichobandikwa kilikuwa kinabanduka, na hakuna aliyekuwa ameyeyushia gundi ndani ya karatasi. Kazi yoyote ya karatasi, siku moja, itahitaji mtu wa kuitengeneza. Muachie mlango.

Haya, ya kufanya, kwa haraka. Piga picha au skani kwanza, kabla ya lolote. Chagua karatasi ya pamba au isiyo na asidi kwa tabaka za chini. Gazeti na risiti vichapishe nakala kwa wino wa pigimenti juu ya karatasi nzuri, ubandike nakala. Tumia uji wa wanga wa ngano, uliochujwa, mwembamba. Unga mzima unaita mende. Selotepu na supagluu marufuku. Pasteli ya unga ipulizie fiksativu, dawa ya kushikiza unga, hafifu mara mbili tatu, si ile ya nywele, na usiiweke kwenye mfuko wa plastiki hata ulio wazi, umeme tuli utainyonya. Michoro isiyo na unga inakaa vizuri kwenye mfuko wa poliesta ulioachwa wazi upande mmoja. Fremu iwe na paspatu, ile kadibodi iliyokatwa dirisha, ili kioo kisiguse karatasi. Kazi iliyoinuka itengenezewe fremu ya kina kama sanduku. Nyuma weka kadibodi isiyo na asidi kabla ya ubao, na gundisha vipande viwili vya kizibo kwenye kona za chini ili hewa ipite kati ya fremu na ukuta. Isitundikwe mkabala na dirisha wala kwenye ukuta wa bafu. Za kuhifadhi zilale bapa, juu ya rafu, mbali na sakafu.

Kazi uliyokwisha kuipiga laminesheni usiikate kingo, usiipige pasi, usijaribu kuimenya. Iskani na uiache. Na mteja mwenye mgahawa akisema lazima iwe kitu cha kufutwa kwa kitambaa cha maji, mchapishie nakala. Hiyo ipigwe laminesheni hata mara mbili, ya mikroni yoyote atakayo.