KUKODI CHOMBO NA KUWA NAHODHA MWENYEWE: TUCHAGUE KISIWA GANI?



Mwezi uliopita alitujia ofisini mzee mmoja, mwanachama wetu wa siku nyingi, mkononi ana picha tatu alizopelekewa na wanawe. Wanawe hao wanakaa mbali, mmoja Maskati na wawili Uingereza, nao wameazimia kumchukua baba yao pamoja na wajukuu, wakakae juma zima katika chombo cha matanga cha kukodi, wakitembea kisiwa hata kisiwa. Chombo cha namna hiyo hukodiwa kitupu, hakina nahodha wala baharia. Mwenye kukodi ndiye ashikaye usukani, ndiye atiaye nanga, na kikivunjika ndiye alipaye. Kila mwana amechagua visiwa vyake na hataki vya mwenziwe. Mzee akatuambia: "Mwanangu Katibu, fungu langu la gharama nalitoa katika karafuu za msimu huu, na wajukuu watano watakuwa ndani. Nambie, twende wapi?"

Kwa kuwa wengi wetu tuna watoto ng'ambo, na swali hili laweza kumfikia yeyote, tumeona vyema tulijibu hapa mbele ya wote.

Tulizitandaza zile picha mezani. Zote zilikuwa kama moja: maji ya samawati, mchanga mweupe na mnazi ulioinama. Lakini picha haioneshi upepo unakovumia, wala haioneshi mwamba ulio chini ya maji. Basi tulizifunika, tukamwambia mzee kuwa kisiwa cha kwenda kwa chombo huchaguliwa kwa maswali manne. Upepo wa mwezi ule ni upi? Kisiwa cha pili chaonekana kutoka cha kwanza, au ni safari ya bahari kuu? Maji hujaa na kupwa kiasi gani? Na la mwisho, lililo kubwa kuliko yote, nahodha ni nani?

Picha ya kwanza ilikuwa ya Visiwa vya Virgin vya Uingereza, katika Bahari ya Karibi. Huko ndiko wageni wengi hujifunzia kazi hii, na kampuni ya The Moorings ilianza kukodisha vyombo katika kisiwa cha Tortola tangu mwaka 1969. Sababu si uzuri wa pwani tu. Visiwa vimejipanga safu mbili, na katikati yake pana mlango wa bahari uitwao Sir Francis Drake, uliokingwa na mawimbi makubwa. Upepo hutoka mashariki karibu mwaka mzima, na maji hayapandi wala kushuka ila kidogo sana. Mtu hutweka tanga asubuhi akikiona kwa macho kisiwa atakacholala. Kimoja tu ni cha kuogopwa, nacho ni Anegada. Kisiwa hicho ni cha matumbawe, kiko chini hata hakionekani mpaka umekikaribia, na mwamba wake umevunja vyombo vingi.

Hatari ya Karibi ni tufani, na msimu wake ni tangu Juni hata mwisho wa Novemba. Tarehe 6 Septemba 2017 tufani iliyoitwa Irma ilipiga Tortola na jirani zake, ikarundika vyombo vya kukodi bandarini kama makumbi ya nazi. Tarehe 1 Julai 2024 nyingine, Beryl, ilikivunjavunja kisiwa cha Carriacou kilicho chini ya Grenada. Wakulima wa Grenada ni wenzetu wa viungo, nao walipoteza sehemu kubwa ya mikungumanga yao katika tufani ya Ivan ya Septemba 2004. Twajua sisi mti wa miaka mingi ukianguka maana yake nini. Basi mtu akikuuzia juma la Agosti huko kwa bei rahisi, muulize kwanza kwa nini limekuwa rahisi.

Na liko jambo dogo ambalo vijana wa mzee hawakulitaja. Kwetu, na hali kadhalika Shelisheli na Australia, chombo kikiingia bandarini huacha boya jekundu mkono wa kushoto. Katika Karibi ni kinyume, jekundu huwa mkono wa kulia. Aliyezoea huku akenda kule bila ya kujua, atajipeleka mwenyewe mwambani mchana kweupe.

Picha ya pili ilikuwa ya Visiwa vya Whitsunday, vilivyo pwani ya Queensland huko Australia. Idadi yake ni 74, na vingi havikaliwi na watu. Sheria ya huko haimdai cheti mwenye kukodi. Wenye chombo humfundisha na kumpima, kisha humwita kwa redio kila siku wajue alipo. Asiyekuwa na cheti atafurahi kusikia hayo. Lakini bahari haisomi cheti wala haiulizi kama huna. Maji ya huko hupanda na kushuka mita 3 na zaidi wakati wa bamvua, na mikondo hupita kwa nguvu baina ya visiwa. Upepo ukipingana na mkondo, mawimbi husimama. Wanachama wetu wa Pemba hawahitaji kuelezwa habari ya bamvua, lakini kijana aliyekulia mjini London anahitaji. Tena tangu Novemba hata Mei wako yavuyavu wenye sumu kali, na tufani za huko huja miezi hiyo hiyo. Debbie ilipiga visiwa hivyo Machi 2017.

Picha ya tatu ilikuwa ya Shelisheli, nayo ndiyo iliyotukalisha zaidi. Mahé iko karibu mstari mmoja na Pemba: sisi tuko digrii 5 kusini ya ikweta, wao 4 na nusu hivi. Pepo zao ni ndugu wa pepo zetu. Kusi huvuma kwao tangu Mei hata Septemba na kupindukia kidogo, na huwa kali. Kaskazi yao hutokea upande wa kaskazini magharibi, tangu Desemba hata Machi. Baina ya pepo hizo mbili, yaani Aprili na tena Oktoba, bahari hutulia. Tufani kubwa hazifiki mara kwa mara katika visiwa vyao vya majabali. Kutoka Mahé hata Praslin ni kama kilomita 45, mwendo wa siku moja, na kutoka Praslin hata La Digue ni karibu sana. Lakini lazima kujua ni bandari ipi ya msimu upi. Pwani ya Beau Vallon hutulia wakati wa kusi na huchafuka wakati wa kaskazi, na Grand Anse ya La Digue ina mkondo mbaya kusi inapovuma.

Mkulima wa karafuu ana lake pia huko. Mwaka 1772 Wafaransa walifanya bustani ya viungo Mahé, wakapanda karafuu, kungumanga, mdalasini na pilipili manga, ili wavunje biashara ya Waholanzi. Mwaka 1780 ilionekana meli baharini, ikadhaniwa ya Waingereza, na bustani yote ikatiwa moto isije ikatwaliwa na adui. Meli ilipofika, ikaonekana ni ya Wafaransa wenyewe. Mdalasini uliobaki umeenea mpaka leo milimani. Mzee alipoisikia habari hiyo alitikisa kichwa kwa kitambo.

Sasa tuje kwa nahodha. Wahenga walisema manahodha wengi, chombo huenda mrama. Hati ya kukodi hutaka jina la mtu mmoja, na huyo ndiye mwenye amri na dhamana. Hapa tutaungama kosa letu wenyewe. Mwaka mmoja tulichelewa kuondoka na mashua kwa ajili ya mapakizi, tukaifikia pwani magharibi imekwisha ingia. Baharia mzee alituambia tutie nanga nje tungoje asubuhi. Sisi tulikuwa na haraka, tukasema njia twaijua. Tulipanda fungu maji yakipwa, tukakaa hapo mpaka alfajiri, na magunia mawili ya karafuu yakalowa. Alhamdulillahi hakufa mtu. Mwanamaji wa Kwale, kufa maji mazoea.

Kwa hiyo popote mtakapokwenda, sheria ya mwamba ni moja. Ingieni baina ya saa 4 asubuhi na saa 9 mchana, jua likiwa juu na nyuma yenu, mtu mmoja amesimama omo akiangalia rangi ya maji. Samawati nzito ni kilindi, kijani ni maji haba, na rangi ya udongo ni mwamba. Mnyororo wa nanga na uwe mara 4 au 5 ya kilindi. Mkichelewa, rudini nyuma. Katika nchi za joto jua likitua giza haligoji.

Rai yetu kwa mzee ilikuwa hii. Ikiwa wanawe ni wachanga wa bahari, waende Visiwa vya Virgin baada ya tufani kupita. Ikiwa yuko mmoja aliyekwisha shika chombo katika mikondo na miamba, waende Shelisheli mwezi wa Aprili, kwani Aprili kwetu ni masika, si wakati wa kuchuma wala kuanika, na raia wa Tanzania hadaiwi viza huko, ila kibali cha kuombwa kabla ya safari. Whitsunday wangoje wajukuu wakue.

Juma la pili mzee alirudi. Alikuwa amewapigia simu wanawe wote watatu, hakuwauliza habari ya kisiwa hata kidogo. Aliwauliza nani nahodha. Walinyamaza kwanza, kisha mkubwa akasema ana cheti, lakini amejifunza katika maji ya baridi yasiyo na matumbawe. Wakakubaliana Shelisheli, Aprili, na siku mbili za mwanzo wamwajiri nahodha wa huko huko awaoneshe njia. Gharama imezidi kidogo.

"Hiyo ya nahodha nailipa mimi," alisema mzee. "Wajukuu watano, mwanangu. Karafuu hupandwa tena."

Katibu wa Chama