Ubia wa mawakili na somo lake kwa wafanyabiashara wa Mirongo

KATIKA maeneo ya Mirongo jijini Mwanza, ubia wa biashara mara nyingi huanza kwa mdomo. Mmoja ana fedha, mwenzake anawafahamu wauza dagaa wa Mwaloni, wanapeana mikono na kazi inaanza. Biashara ikikua, au mmoja wao akifariki dunia, ndipo maswali hujitokeza: mali ni ya nani na deni ni la nani?

Maswali hayo ndiyo yanayozikabili pia kampuni kubwa za mawakili. Kampuni ya mawakili haina kinu cha pamba wala shamba. Mtaji wake ni watu na wateja, na wote wanaweza kuondoka siku moja.

Mfano wa karibu ni IMMMA ya Dar es Salaam. Jina hilo lilitokana na majina ya wabia Ishengoma, Masha, Mujulizi na Magai. Lawrence Masha si mgeni Mwanza, kwani alikuwa Mbunge wa Nyamagana, jimbo ambalo Mirongo imo ndani yake, kuanzia mwaka 2005 hadi 2010. Baadaye wabia walibadilika, Karume akaingia katika orodha, lakini jina la IMMMA likabaki. Agosti 26, 2017 ofisi zake zililipuliwa kwa bomu, hata hivyo kampuni iliendelea na kazi. Mteja aliyezoea jina la biashara hakimbii kwa sababu mbia mmoja ameondoka.

IMMMA pia ilijiunga na mtandao wa DLA Piper Africa. DLA Piper yenyewe ilizaliwa mwaka 2005 kwa kuunganisha kampuni za Uingereza na Marekani. Katika mtandao huo, kila kampuni ya Afrika hubaki na wabia wake na vitabu vyake vya hesabu, ila hupeana wateja na kutumia jina moja. Hakuna anayemmeza mwenzake, wala anayelipa deni la mwenzake.

Muungano usio na mpango mzuri huleta hasara. Mwaka 2007 kampuni mbili za New York ziliungana na kuwa Dewey & LeBoeuf, yenye mawakili zaidi ya 1,000. Viongozi wake waliwaahidi baadhi ya wabia malipo makubwa ya uhakika, huku wakikopa. Mapato yalipopungua, ahadi zilibaki palepale. Wabia walianza kuhama na wateja wao, na Mei 2012 kampuni ilifilisika.

Kwa mkulima wa pamba, jambo hili lina upande mwingine. Wakili hapaswi kuwatetea watu wawili wanaogombana katika shauri moja. Kampuni ya wakili wa chama cha msingi ikiungana na ile ya wakili wa mnunuzi, mmoja kati ya wateja hao atalazimika kutafuta mtetezi mwingine. Kwa hiyo ni vema chama kumuuliza wakili, kabla ya kulipa, nani mwingine anahudumiwa na ofisi yake.

Kwa wenye ubia mdogo, Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, haisubiri karatasi. Bila makubaliano mengine, wabia hugawana faida sawa kwa sawa hata kama mmoja alitoa mtaji mkubwa zaidi. Kila mbia anaweza kudaiwa deni lote la biashara, na kifo cha mmoja huvunja ubia.

Hivyo mkataba ueleze mambo manne: nani ametoa nini, faida itagawanywaje, nani ana mamlaka ya kukopa, na mbia akifa au akitoka familia yake italipwa vipi. Wakati wa kuyaandika ni sasa, wabia wangali wanaelewana. Wakishafika mahakamani, gharama yake hutoka kwenye mtaji uleule wanaougombania.