"Koma" ya Malawi

Askari akiambiwa "Koma!" huacha mara moja alitendalo. Nchini Malawi, neno hilo kwa Kichewa maana yake ni "lakini". Hebu tumfikirie mwalimu aliyezoea ubaridi wa Bukavu, ambaye sasa yuko Dzaleka, kambi ya wakimbizi iliyofunguliwa mwaka 1994 palipokuwa gereza, si mbali na Lilongwe. Katika joto la Oktoba aomba maji. Aambiwa yapo, "koma" ni ya moto. Mara arudisha kikombe! Polepole atambua kwamba "madzi" ni maji na "dzuwa" ni jua.

Mwaka 2023 Serikali ya huko iliwaamuru wakimbizi waishio mijini warudi Dzaleka. Penye amri, neno lisiloeleweka si kichekesho tena. Ndugu askari, mgeni akisitasita mbele yetu tusimdhanie ukaidi. Huenda amesikia neno jingine.