Kipande Kisichouzwa Tena

Mama, mume wako akirudi kazini na kusema, "Leo tulipitisha waya tu, mashini inaenda," umuulize: waya huo umekaa pahali pa kitu gani?

Kijana wa Boga akipata kazi upande wa Bunia ao kwenye migodi ya dhahabu, mara nyingi anakuta mashini iliyozaliwa mbele yake. Sentrale ya Budana, kwenye mto Shari, ilijengwa kwa ajili ya migodi ya Kilo-Moto kabla ya uhuru wa 1960. Chuma cha zamani ni kigumu, kinazunguka miaka na miaka. Shida huanzia kwenye vipande vidogo: kiwanda kilichovitengeneza kule Ulaya kimefungwa, ao sasa kinatengeneza vya namna ingine.

Kipande cha kazi kikikufa, kila mtu anajua, maana mji uko giza. Kipande cha usalama kikikufa, hakuna anayejua. Tuseme turubini ya maji. Laini ya umeme ikikatika ghafla, turubini inabaki bila mzigo na inaweza kukimbia karibu mara mbili ya mwendo wake. Hapo kuna kifaa cha kufunga maji. Kama kutu imekishika, kimekaa kimya miaka 10, na siku hiyo pia kitakaa kimya.

Kule Urusi, tarehe 17 Agosti 2009, kwenye sentrale ya Sayano-Shushenskaya, bolti zilizochoka ziliachia kifuniko cha turubini yenye miaka 30. Watu 75 walikufa. Umeme wa ndani ulikatika, na wafanyakazi walipaswa kupanda juu ya ukuta wa maji wafunge milango kwa mikono.

Basi kipande kinunuliwe cha akiba wakati kingali kinauzwa. Kile cha kutolewa kwenye mashini iliyokufa kisiaminiwe bila kujaribiwa. Na kipya cha namna ingine, fundi asitazame tu kama kinaingia. Aulize: umeme ukikosa, hiki kinafunga maji ao kinayaacha wazi? Mimi naona swali hilo linapita bei.

Waya wa muda uandikwe kwenye kitabu, pamoja na jina la atakayeutoa na siku. Asipopatikana mtu wa kuandika jina lake, mashini isimame, hata kama shefu anapiga kelele.