Vumbi la Makaa Si Takataka

Leo tunataka kuongea juu ya moto wa jikoni. Pengine mtasema, "Mambo ya Kibera na Kawangware yanatuhusu nini sisi wa kijijini?" Yanatuhusu sana. Watoto wenu wamepanga huko, na makaa wanayopikia yanatoka mashambani: Kitui, Narok, Kajiado na kwingineko. Mti ukianguka huku, sufuria inachemka kule.

Chumba chenyewe kikoje?

Chumba cha kupanga Kibera kwa kawaida ni futi 10 kwa 10. Kuta ni za udongo au mabati, paa ni la mabati, na dirisha ni dogo au halipo kabisa. Hapo ndipo jikoni, ndipo sebuleni, na ndipo pa kulala watoto. Mchana mabati yanachoma. Usiku wa mwezi wa Julai baridi inaingia kila pembe. Basi watu huingiza jiko ndani na kufunga mlango.

Asubuhi moja huko Kawangware tulibisha kwa mama mmoja. Alifungua akiwa ameshikilia ukuta. Kichwa kinamuuma, mtoto anatapika, naye anadhani ni malaria. Tulipoingia tuliona jiko karibu na kitanda, bado lina majivu ya moto. Tuliwatoa nje na kuwapeleka zahanati. Walipona, lakini si wote wanaobahatika hivyo.

Makaa yakiwaka bila hewa ya kutosha hutoa gesi ya sumu inayoitwa kaboni monoksaidi. Haina harufu, haina rangi, wala haiwashi macho kama moshi wa kuni. Huingia katika damu na kushika nafasi ya oksijeni. Mtu husikia kuumwa na kichwa, kizunguzungu, halafu usingizi. Akilala, huenda asiamke.

Watafiti walipata nini?

Ukipita kwa muuza makaa utaona vumbi jeusi limebaki chini. Katika kila magunia 10, vumbi linaweza kufika gunia moja au zaidi. Zamani lilitupwa mtaroni. Vikundi vya vijana na akina mama wa mitaa ya Nairobi walianza kulikusanya, wakalichanganya na udongo au karatasi zilizolowekwa, wakafinyanga madonge na kuyauza. Madonge haya ndiyo tunaita briketi.

Mary Njenga, Profesa Nancy Karanja wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzao walitaka kujua kama kazi hii ya vikundi ina faida ya kweli. Walipika githeri: nusu kilo ya mahindi mabichi na nusu kilo ya maharagwe makavu, chakula cha watu 5. Matokeo waliyochapisha mwaka 2013 yalikuwa hivi: kwa briketi, gharama ilikuwa shilingi 3, kwa makaa, shilingi 26, kwa mafuta taa, shilingi 45. Bei hizo ni za wakati ule, na tangu hapo zimepanda. Lakini angalieni tofauti yake. Kwa mama anayefua nguo za watu ili apate ya kula, tofauti hiyo si ndogo.

Tena briketi za vumbi na udongo ziliwaka kama saa 4, makaa saa 2 na nusu. Ile gesi ya sumu ilipungua hadi kama theluthi moja ya ile ya makaa. Kumbukeni: kupungua si kwisha. Hata briketi usilale nayo ndani.

Jinsi ya kutengeneza

1. Chekecha vumbi, ondoa mawe na takataka.
2. Pima kilo 4 za vumbi kwa kilo 1 ya udongo unaoshikana. Tumia mizani. Ukipima kwa mkebe wa kasuku utakosea, kwa maana udongo ni mzito kuliko vumbi. Udongo ukizidi, briketi inajaa majivu na moto unalegea.
3. Ongeza maji kidogo kidogo mpaka ishikane mkononi bila kudondosha maji.
4. Finyanga kwa mkono, au tumia kopo kama kalibu.
5. Anika siku kadhaa mpaka zikauke hata ndani. Vunja moja uangalie.

Tuseme ukweli: briketi inachelewa kushika moto. Anzisha na vipande vichache vya makaa, nje ya nyumba. Inafaa zaidi kwa githeri, maharagwe na maji ya kuoga kuliko chai ya haraka. Wakati wa mvua haikauki, kwa hivyo kikundi kiweke akiba wakati wa jua. Na daftari liwepo tangu siku ya kwanza, maana mali bila daftari hupotea bila habari.

Jiko na nyumba

Briketi nzuri katika jiko bovu ni hasara. Lile jiko la bati lenye chungu cha udongo ndani lilitengenezwa nchini Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1980, kwa kufuata mfano kutoka Thailand, na mafundi wa jua kali wakalieneza. Udongo unashika joto lisipotelee pembeni, na makaa yanapungua kwa theluthi moja au zaidi. Chungu kikipasuka badilisha, usingoje kimeguke.

Chumba nacho kinahitaji matundu mawili: moja chini upande mmoja, lingine juu karibu na paa upande wa pili. Hewa ya moto hupanda na kutoka juu, hewa safi ikiingia chini. Kwa mwanga wa mchana kuna chupa ya maji. Mwaka 2002 fundi Alfredo Moser wa Brazil alijaza chupa ya plastiki maji, akatia vifuniko 2 vya dawa ya kung'arisha nguo, akaichomeka kwenye paa na kuziba vizuri. Jua linatawanyika chumbani bila stima.

Lakini mpangaji hawezi kutoboa mabati ya landlodi. Tena wengine wanaogopa kwamba chumba kikitengenezwa, kodi itapanda. Hapo mtu mmoja hana nguvu. Wapangaji wa ploti moja waende pamoja, waombe tundu la hewa, na wakubaliane juu ya kodi mbele ya mzee wa mtaa kabla ya msumari kugongwa. Nanyi mnaojenga kwenu kijijini hamna kisingizio: dirisha la jiko liwekwe siku ya kujenga.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika soko letu, vumbi la makaa linatupwa wapi, na ni nani tutakayezungumza naye?
2. Ni nyumba ngapi kati yetu zinalala na jiko ndani wakati wa baridi?
3. Tukiuza briketi, sehemu gani ya pesa itarudi kupanda miti?

Na yeyote aliye na mtoto Nairobi ampigie simu leo jioni. Amwambie neno moja tu: jiko litoke nje kabla ya kulala.