Twiga na Karakana Yake

Wengi wetu hulipima shirika la ndege la taifa kwa idadi ya ndege zake na kwa uzuri wa nembo ya twiga iliyochorwa mkiani, lakini mtu akiifuata historia ya Air Tanzania tangu chimbuko lake ataona kuwa jambo lililolipandisha na kulishusha aghalabu lilikuwa karakana, mahali ambapo abiria hapaoni wala mgeni rasmi hapafungui kwa shangwe.

Chimbuko lenyewe ni East African Airways, lililoanza kazi mwaka 1946 kwa ndege sita ndogo za Dragon Rapide, zilizoundwa kwa mbao na kitambaa, likiwa milki ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar. Likapanda daraja baada ya daraja, likatumia Dakota, kisha jeti za Comet mwaka 1960, na mwaka 1966 likapata Super VC10, ambazo katika zama zile zilikuwa miongoni mwa ndege bora duniani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, watu walizungumza sana juu ya nani atabaki na ndege ipi, ilhali hazina kubwa zaidi ilikuwa pale Embakasi, Nairobi, yalipokuwa makao makuu, mabohari ya vipuri na mafundi waliolelewa na shirika kwa miaka thelathini. Air Tanzania iliundwa mwezi Machi mwaka huohuo, nayo ikalazimika kuanza ujenzi wa elimu hiyo karibu na sifuri. Mali za Jumuiya zilikuja kugawanywa kwa mkataba uliotiwa saini Arusha mwaka 1984, baada ya usuluhishi wa Victor Umbricht wa Uswisi. Lakini ustadi wa fundi ni mali isiyogawanyika kwa mkataba.

Miaka iliyofuata haihitaji maneno mengi. Mwaka 2002 South African Airways ilinunua asilimia 49 ya hisa, ndoa ikavunjika mwaka 2006, na mwezi Desemba 2008 shirika likanyang'anywa kwa muda cheti cha kuendesha safari. Kufikia mwaka 2016 lilikuwa limebaki na ndege moja tu inayoruka. Hapo ndipo Serikali ya Rais Magufuli ilipoamua kulifufua: zikaja Bombardier Q400 mbili mwezi Septemba, ikafuata Boeing 787 mwaka 2018, kisha Airbus A220, na mwaka 2023 ndege ya mizigo aina ya Boeing 767. Uamuzi ule ulikuwa wa haki, maadamu nchi yenye upana wa kutoka Kigoma hadi Mtwara haiwezi kumwachia mfanyabiashara wa ng'ambo aamue ni mji gani wa ndani unaostahili safari.

Lakini wenye majahazi wa pwani yetu wanajua kwamba kununua chombo ni jambo moja, na kukipandisha pwani kikalafatiwe na kupakwa shahamu kwa wakati wake ni jambo jingine, tena ndilo linaloamua umri wa chombo. Ndege nayo ina miadi yake isiyoahirishwa. Mitambo yake huhesabiwa kwa saa ilizoruka na mara ilizotua, na Q400 inayokwenda Zanzibar na Dodoma hutua mara nyingi kwa siku, basi magurudumu na miguu yake huchakaa upesi kuliko ya ndege iendayo Mumbai. A220 zilipopata maradhi ya injini yaliyotoka kwa mtengenezaji, maradhi yaliyozikumba hata ndege za mashirika makubwa, zetu zilikaa chini muda mrefu kwa kukosa injini za badala. Na ndege ikikaa chini haiingizi hata senti, ila mishahara na bima huendelea kudai.

Matokeo yakaonekana katika ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu: hasara ya shilingi bilioni 56.6 katika mwaka wa fedha 2022/23, ikapanda hadi bilioni 91.8 mwaka uliofuata. Mwezi Desemba 2024 Umoja wa Ulaya ukalizuia shirika kuruka katika anga yake kwa sababu za usalama, na mwezi Juni 2025 zuio hilo likaenezwa kwa mashirika yote yaliyopewa vyeti nchini. Hukumu hiyo inauma, lakini dawa yake haipo katika kununua ndege nyingine.

Tuna karakana ya KIMAFA katika uwanja wa Kilimanjaro, na tuna vijana wanaosomea uhandisi wa ndege katika Chuo cha Taifa cha Usafirishaji. Naiomba Serikali, kabla haijaagiza ndege nyingine hata moja, itenge kwanza fedha za injini za akiba, za vipuri na za mafunzo ya mafundi na wakaguzi, na Bunge lidai kila mwaka hesabu ya fedha hizo kwa bidii ileile ambayo wananchi huipokelea ndege mpya.