Kapera wa Vyumba 52

Ukitoka mjini Nakuru ukashika njia ya Njoro, hukawii kufika Ngata, na hapo utaliona jumba kubwa la mawe lililojengwa kwa mtindo wa makasri ya Kiingereza. Lina vyumba 52. Ujenzi wake ulianza mwaka 1938, ukamalizika 1954. Mwenye nyumba, Lord Maurice Egerton wa Tatton, aliyafaidi matunda yake miaka minne tu. Alifariki mwaka 1958, hakuacha mke wala mtoto, na cheo cha ukoo wao kikazikwa pamoja naye.

Wenyeji husimulia kwamba bwana huyu alimposa bibi mmoja wa nasaba kubwa huko Ulaya. Akamjengea nyumba, lakini bibi alipoiona aliicheka, akasema hilo ni banda la kuku. Ndipo bwana akaazimia kujenga kasri. Kabla halijesha, bibi akaolewa na mwingine. Tangu hapo, wasema wenyeji, akapiga marufuku mwanamke yeyote kukanyaga ardhi yake. Hadithi ikipita vinywa vingi haikosi kutiwa chumvi. Lakini chumvi au si chumvi, mtu mwenye mali yote ile alikufa kapera katika jumba ambalo familia kumi zingeenea.

Nimemtaja marehemu huyu kwa sababu shule ya ukulima aliyoianzisha Njoro mwaka 1939 ndiyo iliyokua ikawa Chuo Kikuu cha Egerton mwaka 1987, na humo leo husoma watoto wetu wa pwani. Nyoyo zao je, zina hali gani?

Nilipokuwa Nakuru nilifikia Bondeni, mtaa wa Waislamu wa tangu zamani. Baada ya Isha nilikaa barazani na vijana. Mmoja wao, wa miaka 27, amemaliza chuo na kazi hajapata. Mchumba aliyemngoja amechoka kungoja, ameolewa. Akaniambia: "Ami, yule nimeshamsamehe. Kinachonimaliza ni simu ya nyumbani. Kila nikiipokea naulizwa, utaoa lini? Sasa siipokei, na Idi mbili zimepita sijashuka pwani." Usingizi umempaa, na chakula hakimpiti.

Kwa mwenyeji wangu alikuwapo binti aliyeachwa na mumewe angali na miaka 24. Alihamia Nakuru kukimbia midomo ya watu. Alisema: "Huku hakuna anijuaye, nikapumua. Lakini hakuna pia anijuliaye hali."

Msomaji mpenzi, maneno ya hawa wawili yapime vizuri. Hakuna aliyesema kwamba anaugua kwa kukosa mke au mume. Wanaugua kwa aibu na upweke. Ndoa ni sitara, na Qurani imeitaja kuwa ni utulivu, mapenzi na huruma. Lakini sote tunawajua waliomo ndoani na nyoyo zao zinaungua, na tunawajua makapera waliotua kama maji ya mtungi. Anayemharakisha kijana aoe ili apone huenda akawaongezea ugonjwa watu wawili.

Wapo watakaosema maradhi ya moyo ni mambo ya Wazungu. Sivyo hata kidogo. Abu Zayd al-Balkhi, aliyefariki mwaka 934, aliandika kwamba nafsi huugua kama mwili unavyougua. Akaigawa huzuni mafungu mawili: yenye sababu inayojulikana na isiyokuwa nayo. Baada yake akaja Ibn Sina, naye katika kitabu chake cha Qanun akaliweka pendo lililopita kiasi miongoni mwa maradhi ya kichwa. Alimfundisha tabibu amshike mgonjwa mkono, huku majina ya watu na mitaa yanatajwa. Mshipa ukibadilika mwendo, siri imefichuka. Kisha wapendanao waunganishwe, ikiwa sheria yaruhusu. Wakubwa hao hawakumcheka mgonjwa wa mapenzi. Walimtibu.

Leo nalo Shirika la Afya Duniani, katika taarifa ya mwaka 2025, limesema mtu mmoja katika kila sita duniani anasumbuliwa na upweke. Miongoni mwa wenye miaka 13 hadi 29, hesabu ni kati ya 17 na 21 kwa kila mia. Hao ndio tunaodhani hawana shida, kwa kuwa wamezungukwa na wenzao.

Hapa Kenya, mtu aliyejaribu kujiua aliweza kufungwa hadi miaka miwili kwa kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu. Mwezi wa Januari 2025 Mahakama Kuu iliamua kwamba kifungu hicho kinakwenda kinyume cha Katiba, kwani mtu wa namna hiyo ni wa kutibiwa. Mahakama imekwisha sema yake. Imebaki midomo yetu sisi, ambayo bado inahukumu.

Wahenga walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Ukimwona kijana halali, hali, amewahama marafiki, au anazungumza habari za kufa, usingoje. Kaa naye, umpeleke hospitali. Dua na dawa hazigombani. Mtume wetu mwenyewe ametuamrisha kujitibu.

Na wewe mzazi uliyeko Mombasa, Lamu au Malindi, ukipiga simu Nakuru ikapokewa, anza kwa kusema: "Hujambo mwanangu? Umelalaje?" Kisha nyamaza usikilize. Habari ya posa ina siku yake.